Asiimalize Pumzi

Saa nane ya usiku, nilipoingia katika wodi ya watoto njiti kwa mara ya kwanza, nilidhani kuna mtu amebandika maji ya chai. Sauti ilikuwa ileile ya maji yanayotokota taratibu bila kukoma. Ilitoka kwenye chupa ya plastiki iliyosimamishwa kando ya kitanda cha mtoto wa mdogo wangu, ambaye alikuwa amezaliwa jioni ile akiwa na wiki 30 na uzito wa kilo 1 na gramu 300. Mrija mwembamba ulitoka puani mwake, ukapita juu ya shuka, ukaingia ndani ya chupa na kuzama majini, na kwenye ncha yake viputo vilikuwa vinapanda kimoja baada ya kingine. Ubavuni mwa chupa palikuwa pamebandikwa utepe mweupe wenye mistari ya kalamu, sentimita moja moja.

Mama yake alikuwa bado amelala wodi ya wazazi, hawezi kusimama, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia kwa niaba yake.

Mtoto alikuwa anaguna. Kila alipotoa pumzi ilisikika sauti fupi, nzito kuliko mwili wake, kama ya mtu anayeinua gunia. Kila alipovuta hewa, kifua kilibonyea chini ya mbavu badala ya kuinuka. Muuguzi alikuja, akamtazama kifua kwa muda, kisha akausukuma mrija ndani ya chupa kutoka mstari wa tano hadi wa sita. Akasubiri.

"Sista," nikamuuliza, "hayo maji yanamsaidiaje?"

"Yanamzuia asiimalize pumzi, mama mkubwa," akajibu, akaenda kitanda cha pili.

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki saba.

Kani juu ya eneo

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne darasani. Kila mwaka, wanafunzi wangu wanapofika kwenye mada ya kanieneo, hulisimamisha somo kidogo ili walitazame neno lenyewe. Mtaala unatutaka tufundishe kwa Kiingereza, lakini neno la Kiswahili limebeba maana yake yote mgongoni: kani, na eneo linaloipokea. Kisha huchora ndoo, chupa ya soda na bomba jembamba, na kuwaeleza kwamba kina cha maji kikiwa kilekile, kanieneo ya chini kabisa ni ileile, hata kama chombo kimoja kina lita 20 na kingine hakijazi glasi.

Kwa hiyo chupa yenyewe haikunisumbua. Hewa iliyochanganywa na oksijeni inapelekwa puani mwa mtoto bila kukatika, na ili itoke upande wa pili ni lazima iyasukume maji yaliyo juu ya ncha ya mrija. Ncha ikiwa sentimita 6 chini ya maji, hewa iliyo katika mirija, na kwa hiyo hewa iliyo ndani ya kifua, inabaki na kanieneo inayoizidi ya hewa ya nje kwa sentimita 6 za maji, yaani pascal zipatazo 590. Hakuna injini inayoishikilia namba hiyo. Inashikiliwa na uzito wa maji, na muuguzi anaweza kuibadilisha kwa vidole viwili. Wauguzi huiita mitambo ya namna hiyo sipapu, na kuna mashine za bei kubwa zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini maji hayasomi bei.

Kilichonisumbua ni lile neno: asiimalize.

Katika lugha yetu pumzi ikiisha, mtu amekwisha. Tunasema amekata pumzi, au amevuta pumzi ya mwisho. Mtu anayehema kwa shida tunamfungulia dirisha, tunamlegezea nguo, tunawaomba watu wampishe apate hewa. Sikuwahi kusikia kwamba mtu anaweza kuokolewa kwa kuwekewa kizuizi mlangoni mwa pumzi yake. Usiku ule wa kwanza niliamini, na sikumwambia mtu yeyote, kwamba mtoto anaguna kwa sababu ya maji; kwamba kila pumzi yake ilikuwa inayasukuma yale maji ya sentimita 6, na kwamba kama ningeuvuta mrija juu kidogo angepumzika.

Sikuugusa. Lakini mkono ulitaka.

"Mama, nianzishie"

Jibu lilianza kunijia wiki ya pili, nyumbani, na halikutoka kwenye kitabu. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amepewa kazi ya kupuliza maputo ya sherehe ya mwenzake. Alipuliza moja hadi macho yakamtoka, puto likakataa kabisa kufunguka, akaniletea. "Mama, nianzishie tu. Nitamalizia mwenyewe."

Nikampulizia pumzi moja kubwa, puto likafunguka kiasi cha chungwa, nikambania mdomo wake na kumrudishia. Kuanzia hapo alipuliza bila shida. Alipochoka aliubana mdomo wa puto kwa vidole, akapumzika, akaendelea. Hakuliachia hata mara moja likanywea lote, kwa sababu alishajua kwamba likinywea itabidi aje kwangu tena.

Niliacha vyombo kwenye sinki nikakaa chini.

Puto la mpira lina tabia zake zinazotokana na mpira, na mapafu si mpira. Hata hivyo, ugumu wa pumzi ya kwanza upo kotekote. Mapafu yana mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kwa mtu mzima kifuko kimoja kina kipenyo cha takriban moja ya tano ya milimita. Kila kifuko kimepakwa ndani utando mwembamba wa majimaji, na popote maji yanapokutana na hewa, uso wake hujivuta kana kwamba una ngozi. Ndiyo maana tone la mvua juu ya jani la gimbi hujikunja likawa duara badala ya kutandaa. Ndani ya kifuko, mvutano huo wa uso wa maji unavuta kuelekea katikati. Wakati wote, usiku na mchana, unataka kukifunga.

Mwaka 1806 Mfaransa Pierre-Simon Laplace alionyesha kimahesabu kile ambacho Mwingereza Thomas Young alikuwa amekieleza mwaka mmoja kabla yake. Kwa kiputo cha duara kilichozungukwa na maji, tofauti ya kanieneo kati ya ndani na nje ni mara mbili ya mvutano wa uso, ikigawanywa kwa nusukipenyo. Nusukipenyo kiko chini ya mstari. Kiputo kikipungua, kanieneo inayohitajika kukizuia kisifunge inapanda. Na kadiri kinavyozidi kuwa kidogo ndivyo inavyozidi kupanda.

Nilichukua kalamu. Mvutano wa uso wa maji matupu katika joto la mwili ni milinewtoni 70 kwa mita. Tuseme kifuko cha mtoto njiti kina nusukipenyo cha milimita 0.05. Jibu ni pascal 2,800, yaani zaidi ya sentimita 28 za maji. Mtoto wa kilo 1 na gramu 300, ambaye mbavu zake ni laini kama majani ya mgomba machanga, hana misuli ya kuvuta kiasi hicho mara 60 kwa dakika. Anapojaribu, mbavu ndizo zinazoingia ndani, na vifuko vinabaki vimefungwa. Ndicho nilichokuwa nakiona kifuani mwake.

Hesabu hiyo ni ya ubaoni. Vifuko halisi havielei peke yake kama viputo vya sabuni. Vimeshikana kuta kama vyumba vya sega la nyuki, na kila kimoja kinamvuta jirani yake asianguke. Lakini hilo haliondoi jambo la msingi: kukifungua kifuko kilichofunga ni kazi kubwa kuliko kukipanua kilichobaki wazi kidogo.

Kwa hiyo usimwache aimalize pumzi.

Povu lililokataa kupasuka

Lilibaki swali ambalo lilinikosesha usingizi zaidi kuliko la kwanza. Kama maji ndani ya mapafu ni makatili kiasi hicho, mimi ninapumuaje?

Mtu wa kwanza kuligusa swali hilo kwa vipimo alikuwa Kurt von Neergaard, nchini Uswisi, mwaka 1929. Aliyajaza mapafu ya nguruwe hewa na kupima kanieneo iliyohitajika, kisha akayajaza kimiminika. Yalipojazwa kimiminika yalifunguka kwa urahisi zaidi, kwa sababu kimiminika kikikutana na kimiminika hakuna uso wa kujivuta. Akahitimisha kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayoyanywesha mapafu haitokani na nyama yake, inatokana na uso wa maji. Watu wachache sana walimsikiliza, na kazi yake ikakaa rafuni kwa zaidi ya miaka 20.

Swali lilirudi kwa njia ambayo bado inanitia huzuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maabara za kijeshi zilikuwa zinachunguza namna gesi za sumu zinavyoyajaza mapafu povu. Nchini Uingereza, mwaka 1955, Richard Pattle aligundua kwamba viputo vya povu linalotoka mapafuni havipasuki. Viputo vya kawaida vya ukubwa ule vingejibana na kutoweka kwa muda mfupi, hivi vilidumu. Kwa kiputo kidogo kudumu hivyo, mvutano wa uso wake ulipaswa kuwa karibu na sifuri. Miaka miwili baadaye John Clements, naye akiwa katika maabara ya jeshi nchini Marekani, aliupima mvutano huo huku akiutanua na kuubana uso wa kimiminika kilichotolewa mapafuni, akaona kwamba unashuka sana kila uso unapobanwa.

Nililisoma hilo mara tatu kabla ya kulielewa uzuri wake.

Kitu hicho huitwa sarfaktanti. Sehemu yake kubwa, karibu asilimia 90, ni mafuta, na iliyobaki ni protini. Molekuli zake hujipanga juu ya utando wa maji, upande mmoja ukipenda maji na mwingine ukiyakimbia, kama sabuni inavyofanya kwenye beseni. Kifuko kinapopungua, molekuli zinasongamana, na mvutano unalegea pale hasa ambapo kanuni ya Laplace ingetaka kukiua. Kinapopanuka zinatawanyika, na mvutano unarudi. Nikiweka milinewtoni 5 badala ya 70 katika hesabu yangu ya kwanza, sentimita 28 zinakuwa sentimita 2. Tofauti kati ya pumzi ninayoivuta bila kuifikiria na pumzi iliyokuwa inamshinda mtoto wetu ni utando wa mafuta ambao unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele.

Seli zinazoutengeneza huanza kazi karibu na wiki ya 24 ya ujauzito, na kwa watoto wengi hazitoshelezi hadi wiki ya 34 au 35. Wodini wanasema "mapafu hayajakomaa", na kwa siku kadhaa nilikuwa nimelielewa neno hilo kama udogo, kana kwamba mapafu ni embe linalosubiri kunenepa.

Saa 39

Mwaka 1959, mjini Boston, Mary Ellen Avery na Jere Mead walichukua kimiminika kutoka mapafu ya watoto njiti waliofariki kwa shida ya kupumua, wakapima mvutano wake, wakaukuta uko juu kuliko wa watoto wengine. Chanzo kikajulikana.

Tarehe 7 Agosti 1963 alizaliwa Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, takriban wiki tano na nusu kabla ya wakati wake, akiwa na uzito wa kilo 2 na gramu 100 hivi. Aliishi saa 39. Alifia katika mji uleule wa Boston, miaka minne baada ya chanzo kujulikana palepale, akiwa na kila kitu ambacho nchi tajiri kuliko zote ingeweza kukitoa.

Walimweka katika chumba cha chuma chenye kanieneo kubwa, ili damu yake ipate oksijeni zaidi. Nilipolisoma hilo, mwalimu aliye ndani yangu aliumia kwa namna ambayo sikuitarajia. Chumba cha namna hiyo kinauzunguka mwili mzima. Kanieneo inapanda puani na inapanda vilevile juu ya ngozi ya kifua. Tofauti kati ya ndani ya kifuko na nje yake inabaki palepale ilipokuwa. Oksijeni inaongezeka kweli, lakini hakuna kifuko kinachofunguka. Chupa yetu ya plastiki, yenye sentimita zake 6 tu, inaongeza kanieneo upande mmoja peke yake, ndani ya njia ya hewa, huku kifua kikiwa katika hewa ya kawaida ya wodi. Kinachofanya kazi ni tofauti. Huwa nawaambia wanafunzi hivyo kuhusu bomba la mvua na pampu ya baiskeli, kwa wepesi wa mtu ambaye hajawahi kuhitaji iwe kweli.

Siwalaumu madaktari wa wakati ule. Walitumia walichokuwa nacho. Ninachokifikiria ni miaka iliyopita kati ya kujua na kuweza: dawa ya sarfaktanti yenyewe, iliyotengenezwa kutoka mapafu ya ng'ombe, ilitumika kwa mafanikio nchini Japani na Tetsuro Fujiwara na wenzake mwaka 1980, kwa watoto 10. Ni miaka 21 baada ya Avery, na miaka 51 baada ya Neergaard.

Wodini kwetu dawa hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo ni chupa.

Mwenye kuguna alikuwa anajua

Narudi kwenye kuguna, kwa sababu hapo ndipo nilipokuwa nimekosea zaidi.

Mdogo wangu aliponisimulia siku ya kujifungua, alinieleza kwamba sauti ile aliisikia mara tu mtoto alipotolewa, kabla hajawekewa mrija wowote. "Dada, hakulia kama watoto wengine. Aliguna." Basi haikuwa sauti ya kuyasukuma maji. Maji hayakuwepo.

Mtoto mwenye mapafu ya namna ile hubana koo lake wakati wa kutoa pumzi. Hewa inajaribu kutoka, inakuta njia imebanwa, inatoka kwa mikupuo yenye sauti, na nyuma ya koo lililobanwa kanieneo inabaki juu kwa muda mrefu kidogo. Vifuko havipati nafasi ya kufunga. Hajafundishwa na mtu. Ana umri wa dakika kumi.

Mwaka 1968 madaktari wa Cape Town, Harrison na wenzake, walichapisha uchunguzi wao kuhusu sauti hiyo. Mtoto anayeguna akipitishiwa bomba kooni hawezi tena kulibana koo, na kuguna kunakoma. Waliona kwamba kuguna kukikoma, oksijeni katika damu hushuka, na bomba likitolewa mtoto akaanza kuguna tena, hupanda. Sauti ambayo kila aliyeisikia aliihesabu kuwa dalili ya kushindwa ilikuwa kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Miaka mitatu baadaye, mjini San Francisco, George Gregory na wenzake waliifanya kazi hiyo kwa niaba ya watoto kwa kuiweka kanieneo isiyokatika katika njia zao za hewa. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 waliishi.

Usiku ule, mimi nikitamani kuuvuta mrija ili mtoto apumzike, muuguzi alikuwa ameuzamisha zaidi ili apumzike. Tulikuwa tunataka jambo moja. Yeye alilijua na mimi sikulijua, ingawa fomula ilikuwa kwangu.

Saa mbili baada ya mrija kufikia mstari wa sita, sauti ilikuwa imepungua. Nilidhani amechoka. Chupa ilikuwa imempokea mzigo.

Kitanda cha pili

Kulikuwa na mtoto mwingine karibu yetu, mwenye wiki 28, chupa ya aina ileile, maji kutoka bomba lile lile, mistari ileile ya kalamu. Mama yake na mimi tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, kwa sababu pale ndani watu hawaongei sana. Siku ya nne nilipofika asubuhi, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Nimekaa na hilo kuliko yote mengine niliyoyaandika hapa.

Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta kosa katika hesabu, kana kwamba lingekuwa ubaoni. Pengine mrija ungezama zaidi. Lakini nilikwisha kumuuliza muuguzi swali hilo kuhusu mtoto wetu, siku ya pili, nilipoona kama amekwama: kwa nini asiende mstari wa nane, wa kumi? Alinijibu kwa upole kwamba pafu likisukumwa kupita kiasi hupasuka, hewa ikavuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na hapo mtoto anaweza kuondoka katika dakika chache. Kanieneo ileile inayokizuia kifuko kilicholegea kisifunge inaweza kukipasua kilicho wazi tayari, na katika pafu moja la mtoto njiti vyote viwili vipo pamoja, jirani kwa jirani. Hakuna kina kimoja kinachovifaa vyote.

Tena chupa haitengenezi sarfaktanti. Inashikilia mlango tu, ili seli zipate siku mbili tatu za kuanza kazi. Mtoto wa wiki 30 ana seli nyingi zilizokaribia kuwa tayari kuliko wa wiki 28, na mtoto wetu alikuwa na jambo jingine: mama yake aliwahi kupata sindano mbili kati ya nne za kukomaza mapafu kabla uchungu haujamshinda. Sindano hizo zina historia ya kondoo. Mwaka 1969, huko Auckland, Graham Liggins alikuwa anachunguza jinsi uchungu unavyoanza, akawapa kondoo walio tumboni dawa za jamii ya kotisoni, na akaona kwamba wale waliozaliwa mapema mno, ambao mapafu yao hayakutakiwa kufunguka kabisa, walikuwa wanapumua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, ukihusisha Kenya, Nigeria, Bangladesh, India na Pakistan, ulionyesha kwamba deksamethasoni, sindano ya bei ndogo, ilipunguza vifo vya watoto njiti kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Yule mama mwingine alifika hospitalini mtoto akiwa tayari njiani. Hakukuwa na muda wa sindano hata moja.

Sijui kumwambia nini mtu kuhusu hilo kwa lugha ya fizikia, na sikumwambia kitu. Nilimshika mkono getini.

Chai kwenye kisahani

Siku ya sita walitufundisha kangaruu. Mtoto anavuliwa nguo isipokuwa nepi na kofia, anawekwa wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa kanga. Mirija ikaja pamoja naye, na chupa ikaendelea kutokota kando ya kiti.

Mama yetu hakulipenda jambo hilo. Alitaka mjukuu wake afungwe shali na kuachwa alale. Nilimweleza kwa kitu anachokifanya mwenyewe kila asubuhi: anamimina chai kwenye kisahani ili ipoe. Chai ni ileile, lakini imepewa uso mpana kwa ujazo mdogo, na joto hutokea usoni. Mtoto wa kilo 1 na gramu 300 ni chai iliyo kwenye kisahani. Kwa kila gramu ya mwili wake ana ngozi nyingi kuliko sisi, na chini yake hana mafuta ya kulizuia joto. Shali halitengenezi joto, linachelewesha tu lililopo lisiondoke. Kifua cha mama kinatengeneza.

Maji nayo hudai zaidi. Kila gramu ya maji inayokauka juu ya ngozi huchukua kilojuli 2.4 hivi. Vijiko viwili vya chai vya majimaji vikimkaukia mtoto wa uzito ule, na joto lote likitoka mwilini mwake, angeshuka nyuzi kama 5. Ndiyo maana wakunga hufuta kwanza na kuuliza maswali baadaye.

"Kwa hiyo kifua kinashinda mashine?" mama akaniuliza. Nilimweleza kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao katika siku 28 vilikuwa asilimia 12. Waliosubiri hadi hali zao zitulie, asilimia 15.7. Alinyamaza. Kesho yake aliomba zamu.

Zamu yangu niliipata siku ya tisa. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimjua kwa joto lake kabla sijamjua kwa uzito. Nilihesabu pumzi zake kwa kutumia kifua changu, na kila alipotoa hewa nilisubiri ile sauti.

Mstari wa tano

Siku ya kumi na mbili muuguzi aliyekuwa zamu usiku ule wa kwanza alisema atamjaribu bila mrija. Alikuwa amekwisha kumshusha kutoka mstari wa sita hadi wa tano. Aliondoa plasta taratibu, akazitoa pua zake kwenye mirija, akaigusa chupa kwa mara ya mwisho, na maji yakatulia.

Sikuwa nimetambua jinsi nilivyoizoea sauti ile hadi ilipokatika.

Mdogo wangu alinishika bega. Tulisikiliza wote watatu, tukiwa tumeinama juu ya kitanda. Kifua kiliinuka na kushuka. Namba kwenye kipimo kilichobanwa mguuni zilishuka kidogo, zikasimama, zikarudi. Aliimaliza pumzi yake hadi mwisho, akavuta nyingine.

Muuguzi aliimwaga chupa kwenye sinki, akaipeleka kuoshwa na kutakaswa. Baada ya chakula cha mchana niliiona mezani kwake, utepe mpya umebandikwa, na yeye ameinama na rula akichora mistari. Mlangoni walikuwa wanamwingiza mtoto mwingine, na kabla sijamwona nilimsikia: sauti fupi, nzito, kila alipotoa pumzi. Alijaza maji, akauzamisha mrija hadi mstari wa tano, akakiweka kiti karibu.